Waheshimiwa Mia Moja na Kumi na Nne

Nchi yetu ya Tulizana haina matatizo. Mwenye tatizo ni lake. Maneno hayo aliyasema Mtukufu Rais wetu siku ya kuzindua tovuti ya bima ya afya, nami niliyasikia kwa masikio yangu, kwa sababu sisi wafagizi wa ofisi ya wilaya tulipelekwa uwanjani tangu alfajiri kufagia njia atakayopita. Tulipomaliza tukaambiwa tubaki tujaze viti.

Tovuti ilipewa jina la Uzima Kiganjani. Waziri wa Afya, Mheshimiwa Shetengo, alisimama akatueleza faida zake. Alisema kadi za bima tulizokuwa nazo ni za karatasi, na karatasi inalowa, inachanika, inaliwa na panya. Kuanzia siku ile kila mwananchi ataingia kwenye tovuti, atajisajili, atapewa namba, na kwa namba hiyo kila mlango wa hospitali utafunguka.

"Nani amewahi kuona panya anakula namba?" aliuliza.

Hakuna aliyewahi kuona. Tukapiga makofi.

Kisha kadi zetu za zamani zikakusanywa katikati ya uwanja zikachomwa moto, bendi ikipiga. Kila aliyetoa kadi alipewa fulana ya njano iliyoandikwa Uzima Kiganjani. Dada yangu Siwazuri alikuwa na mimba ya miezi sita, akapewa kubwa kuliko zote.

"Mwajabu, hebu niangalie," aliniambia, akiivuta kwenye tumbo. "Si kama nimemeza jua?"

Nilimuuliza kwa nini asingeiacha kadi yake nyumbani kwanza, maana uzazi wa kwanza alipasuliwa, na daktari alishamwambia kwamba huu wa pili nao ni lazima apasuliwe kabla uchungu haujaanza. Kovu lile halitahimili kusukuma. Siwazuri akasema kadi yenyewe ilikuwa imechakaa, na waziri mzima hawezi kusimama mbele ya watu akadanganya.

Basi Mtukufu akabonyeza kitufe. Kwenye kioo kikubwa kama ukuta ikatokea picha yake, akitabasamu, na sauti yake ikitusalimu. Tukashangilia. Ikafuata picha ya Makamu wake, naye akasalimu. Tukashangilia. Akafuata Spika, akafuata Jaji Mkuu, wakafuata mawaziri mmoja mmoja. Ilipofika adhuhuri viganja vilikuwa vinatuuma. Tulidhani ile ni sherehe ya uzinduzi. Hatukujua kwamba tovuti yenyewe ndiyo ile.

*

Lazima nieleze jambo moja, kwa faida ya wageni.

Katika nchi yetu mtu hafungui kinywa mbele ya watu bila kuwataja waheshimiwa kwa majina na vyeo, kuanzia wa juu kushuka chini. Nasikia nchi nyingine wana maneno mawili tu, "itifaki imezingatiwa", wakishayasema wanaendelea na shughuli. Kwetu maneno hayo yalipigwa marufuku kwa sheria, mwaka ule katibu wa kata mmoja alipoyatumia kwenye ufunguzi wa mtaro, na Naibu Msimamizi wa Mitaro akahisi amefagiwa pamoja na wengine. Tangu hapo tunawataja wote. Kwenye harusi tunawataja. Kwenye mazishi tunawataja, marehemu anasubiri.

Kwa hiyo wataalamu walipomaliza kuitengeneza tovuti, wakaipeleka kwa Mkurugenzi wa Itifaki, Bi Kondowe. Aliitazama akauliza swali moja tu.

"Mwananchi anaingiaje kwenye nyumba ya serikali bila kusalimia?"

 Wataalamu wakarudi nayo kazini.

Walipoitoa tena, ilikuwa na adabu. Ukiifungua, anatokea Mtukufu kwa dakika tatu. Akimaliza kusema, chini kinatokea kitufe kimeandikwa Nimeheshimu. Unabonyeza. Anatokea anayefuata, dakika tatu, unabonyeza. Ukibonyeza kabla hajamaliza, maandishi mekundu yanakuja: Usimkatize Mheshimiwa. Halafu unarudishwa kwa Mtukufu, unaanza upya. Umeme ukikatika, unaanza upya. Siku ikiisha, unaanza upya kesho yake, kwa kuwa salamu za jana si za leo. Ukiwaheshimu wote, ndipo unaulizwa jina lako.

Waheshimiwa walikuwa tisini na sita.

*

Mwezi wa kwanza ukaisha, hakuna mwananchi hata mmoja aliyepata namba, maana simu zetu hazikuweza kubeba waheshimiwa wengi kiasi kile. Mjadala wa kitaifa ukaanza.

Mheshimiwa Shetengo alitangaza redioni kwamba tovuti imefanikiwa kupita matarajio, kwani wananchi milioni mbili wameitembelea. Mtangazaji akauliza ni wangapi walioingia.

"Mtu akipita mbele ya nyumba yako, si amekutembelea?" alisema waziri. "Mambo ya kuingia ni hatua ya pili."

Profesa mmoja alisema tovuti ni kama mwali, haitolewi nje mbio mbio. Mwingine akasema tatizo ni vidole vya wananchi, vimezoea jembe. Msikilizaji akapiga simu kutoka kijiji cha mbali kusema mama yake amerudishwa na dripu mkononi. Hakumaliza. Alikatwa kwa sababu alianza kusema bila kumtaja mkurugenzi wa redio.

Bungeni ndiko moto ulikowaka. Upinzani walisimama wote kwa pamoja.

"Ni aibu!" alinguruma kiongozi wao. "Tovuti hii ni kashfa! Nimekaa mbele yake siku nzima, nimewaheshimu wote tisini na sita, nikaizima kabla ya kuandika jina, maana sikuiona sura yangu!"

Serikali ikaomba muda wa kutafakari. Siku tatu walijifungia. Walipotoka, walisema wamesikia kilio cha wananchi: kiongozi wa upinzani ataingizwa, pamoja na manaibu wake, makatibu wao, na kamati ya vigelegele ya pande zote mbili. Wote kumi na wanane. Pande zote zikapiga meza kwa furaha. Magazeti yaliandika kwamba demokrasia imekomaa.

Waheshimiwa wakawa mia moja na kumi na nne.

*

Kompyuta ya wilaya yetu ilifika wiki iliyofuata. Siwazuri alikuwa amebakiza mwezi mmoja.

Ilikuja moja, ikawekwa kwenye chumba ninachofagia, mkabala na hospitali. Ukifungua dirisha unaiona wodi ya wazazi ng'ambo ya barabara, na nguo za watoto zimeanikwa. Karani aliyekabidhiwa ni Mzee Chiduo, mtu wa miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutafutia ile ya kusomea. Alibakiza mwaka mmoja kustaafu.

Dada akawa wa kwanza kwenye foleni kwa sababu ya barua ya daktari. Daktari alimkumbusha tarehe. Akamwambia pia kwamba yeye binafsi yuko tayari kumpasua hata leo, ila mwenzake wa wilaya ya jirani alimpasua mtu asiye na namba, sasa amehamishiwa kupima samaki.

Nyuma ya dada alikuwa Bi Nambua, mama mtu mzima mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili. Nyuma yake wakajaa ukumbi mzima mpaka nje. Waraka ulisema aliyeanza amalize, kwa hiyo wote walikuwa wanamsubiri dada amalize.

Siku ya kwanza ilikuwa kama mchezo. Bi Nambua haoni, lakini alitaka kujua.

"Huyu naye nani, Siwa?"

"Katibu wa vigelegele, bibi."

"Ana kazi gani?"

"Ya kuanzisha."

"Na huyu anayemfuata?"

"Naibu wake. Ya kuitikia."

"Loo! Na sisi huku tunaugua bure, kumbe kazi zipo!"

Watu wakaangua kicheko mpaka Mzee Chiduo akagonga meza. "Jamani, mheshimiwa anaongea!"

Saa tisa na nusu dada alikuwa amefika namba mia na kumi. Mzee Chiduo akaangalia saa yake, akazima kompyuta.

"Mzee wangu, wamebaki wanne tu," dada alisema.

"Naona, mwanangu. Kesho."

Kesho yake tena mia na kumi. Keshokutwa mia na kumi. Siku ya nne Siwazuri miguu ilikuwa imevimba, akaiweka juu ya ndoo yangu niliyoigeuza. Alikuwa amevaa fulana ya njano, ndiyo pekee iliyokuwa bado inamtosha.

Mimi shule niliishia ya msingi, ila hesabu za kuzidisha tulifundishwa. Jioni ile nikifagia nikazipiga. Waheshimiwa mia moja na kumi na nne kwa dakika tatu ni dakika mia tatu arobaini na mbili. Ofisi inafunguliwa saa tatu, inafungwa saa tisa na nusu. Ukitoa saa moja ya chakula, ambapo kompyuta inalazwa usingizi hapo hapo kwenye picha iliyopo, zinabaki dakika mia tatu na thelathini. Zinapungua kumi na mbili. Hata dada akae pale mpaka mtoto aanze shule, hatafika.

Nilimwonyesha Mzee Chiduo, nimeandika kwa chaki nyuma ya mlango. Akabadilisha miwani. Akaisoma mara mbili.

"Binti, umewaambia wakubwa?"

"Wakubwa gani, mzee?"

 Aliona, nadhani, kwamba ili kuwaambia ni lazima kwanza awataje.

"Tatizo ni saa yako ya chakula, mzee wangu," nilisema. "Usipokula, tunafika."

"Saa ya chakula ni waraka. Waraka namba saba. Mtumishi anayeuvunja anaadhibiwa." Akaifuta ile chaki kwa kiganja, taratibu. Halafu akasema, "Kwani ubwabwa wenyewe siku hizi una nini? Mwambie dada yako awahi."

*

Siku ya tano Mzee Chiduo hakula. Alikaa mlangoni na bakuli lake limefunikwa, mtu akipita anajifanya anatafuna.

Saa nane dada alikuwa namba mia moja.  Hata Bi Nambua hakuuliza huyu nani. Saa nane na dakika thelathini na tisa namba mia na kumi na tatu akamaliza kusema, kitufe kikatokea, dada akanyoosha kidole.

Redio ya mlinzi, pale dirishani, ikapiga ngoma za taarifa maalumu. Mtukufu amefanya mabadiliko madogo. Waziri wa Barabara anakwenda Uvuvi, Waziri wa Uvuvi anakwenda Barabara. Basi, ni hayo tu, wananchi waendelee na shughuli zao.

Kioo kikawa cheusi. Kisha akatokea Mtukufu, akitabasamu.

 Dada alikitazama kidole chake, bado kimenyooka.

"Yule wa Barabara," Bi Nambua alisema mwishowe, "anajua hata kuogelea?"

Hakuna aliyecheka. Siwazuri alishika kiuno, akainama mbele. Aliponiita, sauti ilikuwa ndogo.

"Mdogo wangu. Uchungu umeanza."

*

Wodini walimpokea, wakampa kitanda, maana kitanda hakihitaji namba. Kulikuwa na uchungu wa kuja na kuondoka, usiku kucha ukaja ukaondoka. Asubuhi muuguzi Felisiana alinivuta pembeni ya korido. Alikuwa amesoma na Siwazuri shule moja, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwajabu, daktari ameshanawa mikono mara mbili. Anaingia thieta, anatoka. Nenda kaitafute hiyo namba. Nenda, usikae hapa kunitazama."

Nilivuka barabara. Mzee Chiduo alikuwa amefungua saa tatu kamili, hakunywa hata chai.

"Mwenyewe hayupo," nilisema.

"Aliyeanza amalize. Wewe ni damu yake. Kaa."

Nikakaa kwenye kiti cha dada. Mtukufu akasalimu, nikamheshimu. Makamu akasalimu, nikamheshimu. Nilikuwa nimeshawasikia siku tano nikifagia, nikajikuta nasema pamoja nao maneno yao, kwa sauti ya chini, kama mtu anavyosali. Kupitia dirishani niliiona wodi. Mtu mmoja alitoka akaanua nguo za watoto, akaingia. Sikubonyeza mapema hata mara moja. Mkono ulitaka, niliukalia.

Saa tisa kasoro dakika kumi na nane wa mia na kumi na nne alimaliza. Kitufe kikatokea. Nikabonyeza.

Ikaniuliza jina. Nikaandika Siwazuri binti Mtoro kwa kidole kimoja. Zikapigwa tarumbeta ndani ya kompyuta. Hongera, ikasema, wewe ni mwanachama wa kwanza nchini. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe, watu wakakumbatiana, Bi Nambua akapiga kigelegele ambacho ile kamati nzima isingekiweza. Mzee Chiduo aliiandika namba kwenye karatasi, kwa wino, akaipuliza ikauke.

Nilikimbia nayo. Felisiana alikuwa amekaa kwenye ngazi za wodi, jambo ambalo wauguzi hawafanyi. Alikuwa amebeba mtoto wa kike, amemviringisha kwenye fulana ya njano.

Daktari alisema potelea mbali, akampasua saa saba. Mtoto akamwahi. Damu ya mama haikukatika. Dada yangu alifariki saa nane kasoro robo.

Kuna hesabu nyingine niliipiga siku ile, bila kutaka. Saa nane kasoro robo mimi nilikuwa namba tisini na tano, Msaidizi wa Katibu wa Kamati ya Mapokezi. Alikuwa anasema kwamba serikali inamjali mama na mtoto.

*

Wizara ilifurahi sana. Tovuti imepata mwanachama wa kwanza, na wale waliokuwa wanabeza sasa watasema nini? Mheshimiwa Shetengo akaamua kuja mwenyewe kumkabidhi cheti. Alipoelezwa kwamba mwanachama amefariki, aliuliza kama amefariki kabla ya kupata namba au baada. Wataalamu wakachunguza. Wakaona tovuti haina mahali pa kuandika kifo, kwa hiyo kitaalamu bado yuko hai. Sherehe ikaendelea.

Bi Kondowe wa Itifaki alinifundisha siku mbili. Nitapanda jukwaani, nitawataja waheshimiwa, nitasema marehemu alifurahi, nitashuka.

"Kuwataja hutaweza," alisema. "Utasoma kwenye karatasi. Unajua kusoma?"

"Kidogo, mama."

Uwanja ulikuwa ule ule. Nilipanda nikiwa na mtoto mgongoni. Karatasi yangu iliandikwa vizuri, lakini sikuifungua. Nikasogelea kipaza sauti.

"Siwazuri binti Mtoro," nilisema.

Nikanyamaza dakika tatu. Nilizihesabu. Niliona Bi Kondowe amesimama, amekaa, amesimama. Mheshimiwa Shetengo alianza kupiga makofi akaona yuko peke yake.

Kisha nikaendelea na Mtukufu, na Makamu wake, na Spika, na Jaji Mkuu, wote, bila karatasi, kila mmoja na cheo chake na naibu wake. Barabara na Uvuvi niliwaweka walikohamia. Watu walikuwa wananihesabia kwa vidole. Nilipofika mia na kumi na nne sikuwa na hotuba. Nikashuka.

*

Mjadala wa kitaifa ukaanza tena, mkali kuliko wa kwanza. Je, marehemu anaweza kumtangulia Mtukufu? Bungeni walikaa wiki nzima. Upinzani walisema anaweza, ilimradi kiongozi wao afuate mara moja baada yake. Serikali ilisema hawezi, ila kosa lisamehewe kwa kuwa msemaji alisoma shule ya msingi tu. Profesa akarudi redioni kueleza itifaki ya wafu katika nchi zilizoendelea. Habari ya thieta haikuguswa na mtu, nadhani kwa sababu haikuwa kwenye ajenda.

Mzee Chiduo aliadhibiwa kwa Waraka namba saba. Wamempeleka kulinda stoo ya kadi za karatasi, ambayo haina kitu, kwani zilichomwa. Karani mpya anakula chakula chake kwa wakati, kompyuta imelala.

Mwishowe ukapatikana muafaka. Kwa kutambua mchango wake, Siwazuri binti Mtoro ameingizwa kwenye tovuti. Wameweka picha aliyopigwa siku ya uzinduzi, amevaa fulana, ameshika tumbo, anacheka. Dakika tatu kamili, kama waheshimiwa wengine. Kwa heshima yote amewekwa wa mwisho, namba mia na kumi na tano.

Sasa aliyekaa kwenye kile kiti ni Bi Nambua. Huu ni mwezi wake wa pili. Macho yamezidi kuziba, namshikia kidole kukielekeza kwenye kitufe huku ufagio nimeuegemeza ukutani na mtoto amelala mgongoni. Kila siku saa tisa na nusu karani anazima, na kila siku tumeishia kwa yule yule, wa mia na kumi.

Jana aliponyanyuka alinishika mkono kwanza.

"Kwa dada yako wamebaki wangapi?"

"Wanne, bibi."

"Si wengi. Kesho nikimfikia uniambie, mwanangu, nimsalimie vizuri. Mimi hapa naona ukungu tu."

"Nitakuambia," nilisema.

Nikamvusha barabara, nikarudi kufagia.